Tope la Bwawa Lina Kumbukumbu: Tuulize Kabla ya Kufyeka



Katika barua zinazofika ofisini kwetu kutoka sharika za pembezoni mwa jiji, ombi moja limekuwa likijirudia, nalo ni fedha za kusafisha bwawa. Upande wa Temeke, kuelekea Mbagala, Chamazi na bonde la Mto Mzinga, na upande wa Kinondoni, kuelekea Tegeta, Bunju na Mabwepande, yapo mabwawa na madimbwi mengi ambayo watu huyatumia kwa kumwagilia mchicha, kufyatua matofali, kunyweshea mifugo na, maji ya bomba yanapokatika, hata kufulia. Ombi huandikwa karibu kwa maneno yale yale: bwawa limevamiwa na majani, tunaomba fedha za vibarua na mashine ili yang'olewe yote na tope litolewe.

Makala hii inaeleza kwa nini siku hizi hatujibu ombi la namna hiyo mara moja. Inaeleza pia kazi ya kitaalamu ambayo wengi wetu hatukuisikia shuleni: kusoma historia ya mimea ya majini kwa kutumia masalia yake yaliyofukiwa katika tope.

Kosa letu wenyewe

Ni vema tuanze kwa kukiri. Miaka kadhaa iliyopita tuliidhinisha fedha kwa ajili ya bwawa moja dogo. Vijana wa usharika na majirani zao walifanya kazi kwa moyo. Majani yote yaling'olewa, tope la juu likatolewa na kumwagwa mbali, na picha nzuri zikapelekwa kwa wafadhili. Baada ya masika maji yalibadilika rangi yakawa ya kijani kama rangi ya ukutani, yakaanza kunuka, na akina mama wa bustani wakaacha kuyachota. Mwaka uliofuata majani yalirudi, lakini si yale ya mwanzo. Yalikuwa ya aina moja tu, yanayoelea.

Tulipokaa kikao cha tathmini, wanakamati hawakukubaliana. Mzee mmoja wa Kanisa alisema enzi za ujana wake bwawa lile lilikuwa na yungiyungi na maji yake yalikuwa maangavu hadi unaona chini. Kijana mmoja akajibu kwamba tangu azaliwe bwawa limejaa magugu. Sisi wa ofisini hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumetumia fedha za watu kurekebisha kitu bila kujua kilikuwaje kabla hakijaharibika. Je, majani tuliyoyang'oa yalikuwa wageni au wenyeji? Hatukuwa na shahidi, na shahidi pekee ambaye angeweza kutusaidia, yaani tope lenyewe, tulikuwa tumekwisha kumtupa.

Tope huhifadhi nini

Kila mwaka vitu huzama na kutulia chini ya ziwa au bwawa: vumbi, udongo ulioletwa na mvua, majani, mbegu, maganda ya konokono na vijidudu vilivyokufa. Wataalamu huita mchanganyiko huo mashapo. Ya mwaka huu hukaa juu ya yale ya mwaka jana. Mahali ambapo hayakuvurugwa, tabaka la chini ni la zamani na la juu ni la karibuni, mithili ya daftari la mahudhurio ambalo kila ukurasa mpya umewekwa juu ya ule wa zamani.

Kwa kawaida jani likianguka shambani huoza upesi. Lakini ndani ya tope la chini ya maji hewa ya oksijeni ni kidogo sana, na vijidudu vinavyoozesha havifanyi kazi kwa kasi. Ndiyo maana mbegu ngumu, ganda la tunda au kipande cha shina vinaweza kukaa humo mamia na hata maelfu ya miaka, na mtaalamu bado akatambua ni cha mmea gani.

Mashahidi wawili: chavua na mbegu

Mimea huacha ushahidi wa namna mbili. Wa kwanza ni chavua, ile poda ya maua ambayo haionekani chembe moja moja bila hadubini. Ganda la chembe ya chavua ni gumu ajabu na hudumu sana. Hata hivyo chavua hupeperushwa na upepo kutoka mbali. Ukiikuta ndani ya bwawa la Bunju, inaweza kuwa imetoka kwenye mti ulio kilometa nyingi kutoka hapo. Aidha, baadhi ya mimea inayoishi chini kabisa ya maji huchavushana humo humo majini, na chavua yake ni laini, huharibika bila kuacha alama.

Shahidi wa pili ni masalia makubwa kidogo: mbegu, vitunda, vipande vya majani na mashina. Hivi ni vizito, haviendi mbali. Mbegu nyingi huzama karibu na mmea ulioziangusha. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua ni nini kilichoota ndani ya bwawa lenyewe, wala si katika kilima cha jirani, huitegemea zaidi mbegu kuliko chavua. Wataalamu wazuri huwasikiliza mashahidi wote wawili.

Kila aina ya mmea ina habari yake. Mbegu za mimea inayoota chini ya maji zinatueleza kwamba mwanga wa jua ulifika chini, yaani maji yalikuwa maangavu. Upo pia mwani mmoja unaofanana na mmea, uitwao Chara, ambao huacha vijitufe vidogo vigumu kama punje za mchanga. Tukivikuta vingi tunajua maji hayakuwa na matope. Mbegu za mafunjo, matete na ndago zinaonyesha kwamba ukingo wa maji ulikuwa karibu. Mbegu za mimea ya chini zikipungua kadiri tunavyopanda kuelekea tabaka la juu, na mahali pake pakashikwa na dalili za mimea inayoelea na mwani wa kijani, hiyo ni habari ya maji yaliyorutubika kupita kiasi kwa mbolea, samadi au vyoo.

Kazi inavyofanyika

Wataalamu huenda na mashua au chelezo na kuzamisha bomba refu wima ndani ya tope. Bomba huvutwa juu likiwa limeshika nguzo ya tope isiyovurugika. Kifaa kimoja kinachotumika sana kwa kazi hii kinaitwa kwa jina la Livingstone. Si David Livingstone mmisionari tunayemfahamu, bali Daniel Livingstone, mwanasayansi wa Amerika Kaskazini aliyekitengeneza katika miaka ya 1950 na baadaye akafanya kazi nyingi katika maziwa ya Afrika Mashariki.

Nguzo hiyo hukatwa vipande vyembamba, mara nyingi vya sentimeta moja moja. Kila kipande huoshwa polepole juu ya chekeche lenye matundu madogo, robo ya milimita au pungufu. Kinachobaki hutazamwa kwa hadubini, na mbegu huhesabiwa moja moja. Ni kazi ya subira, kama kuchambua mchele.

Kisha hupimwa umri. Kwa tabaka za miaka 100 hadi 150 iliyopita hutumika aina ya madini ya risasi yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Kwa tabaka za zamani zaidi hutumika kaboni ya mionzi, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Hapa pia mbegu zina faida, kwani mbegu au jani la mmea wa nchi kavu lililoanguka ziwani hutoa umri wa kuaminika zaidi kuliko tope lenyewe.

Yaliyosomwa katika maziwa yetu

Wasomaji wanaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya. La hasha. Mfano mkubwa kuliko yote uko kwetu, katika Ziwa Victoria. Mwaka 1969 mwanasayansi Kendall alichapisha historia ya mimea ya bonde la ziwa hilo kutokana na chavua iliyopatikana katika tope la Ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda. Mwaka 1996 watafiti wengine walitangaza jambo lililowashangaza wengi, kwamba Ziwa Victoria liliwahi kukauka kabisa, miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Walijuaje? Chini ya tope laini la ziwa walikuta udongo mgumu wenye vijizizi vilivyosimama wima. Mizizi haisimami wima katikati ya ziwa lenye kina kirefu. Palikuwa nchi kavu, kisha pakawa kinamasi. Pamoja na vijizizi hivyo ilionekana chavua nyingi ya Typha, ule mmea mrefu wa kinamasi wenye kichwa cha kahawia kilichonyooka kama mshumaa, ambao tunauona hata kwenye mitaro ya Dar es Salaam. Utafiti wa miaka ya karibuni, uliotumia tope lililochukuliwa upande wa Tanzania, unaonyesha kwamba ziwa lilijaa tena kwa haraka kati ya miaka 14,000 na 13,000 iliyopita, likianza kama vinamasi.

Tope hilo hilo la Victoria lina habari ya karibu zaidi. Tabaka za karne ya 20 zinaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo katika bonde. Magugu maji tuliyoyasikia sana katika miaka ya 1990, yaliyofunga bandari na kuwakosesha wavuvi njia, yalikuta maji ambayo yalikwisha kurutubishwa kwa miongo mingi. Tunapolaani magugu tukumbuke pia nani aliyeyaandalia meza.

Mfano wa pili ni Ziwa Naivasha nchini Kenya. Kwa kutumia tope la sehemu yake yenye kina, watafiti walichapisha mwaka 2000 historia ya mvua na ukame ya miaka 1,100. Waliona kwamba ziwa limepanda na kushuka mara nyingi, na kwamba ulikuwepo ukame mkali, kwa mfano kati ya mwaka 1760 na 1840 hivi. Ziwa likishuka au kupanda, ukanda wa mafunjo na mimea ya majini husogea pamoja nalo. Kwa hiyo si kila badiliko la majani ni maafa.

Lakini Naivasha hiyo hiyo inatufundisha kwamba yapo mabadiliko ambayo ni kazi ya mikono yetu. Magugu yanayoelea ya jamii ya Salvinia, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, yalifika katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 waliletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani, walao mimea kwa pupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea ya chini ya maji na yungiyungi za buluu zilikuwa zimetoweka katika sehemu kubwa ya ziwa. Baadaye baadhi ya mimea ya chini ilirudi. Mwaka 1988 magugu maji nayo yakaonekana. Mtu aliyefika Naivasha mwaka 1983 na kusema, "Ziwa hili halina mimea ya chini," angesema kweli ya siku ile tu. Ndivyo alivyokuwa kijana wetu katika kikao cha tathmini.

Karibu zaidi na Dar es Salaam, chavua ya mikoko iliyofukiwa katika delta ya Rufiji imewasaidia watafiti kujua jinsi misitu hiyo ilivyosogea kuelekea bara au baharini kadiri kina cha bahari kilivyobadilika. Na katika Ziwa Chala, chini ya Mlima Kilimanjaro mpakani mwa Tanzania na Kenya, mwaka 2016 yalitobolewa zaidi ya mita 200 za tope, zenye kumbukumbu ya takriban miaka 250,000.

Mbegu zilizolala

Lipo jambo moja lililotufanya tujute zaidi kulitupa lile tope. Huko Norfolk nchini Uingereza wakulima wa zamani walifukia mabwawa madogo ili wapate mashamba. Watafiti walichimbua matatu kati ya hayo, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo. Mbegu za mimea ya majini zilizokuwa zimelala chini ya shamba kwa muda unaofikia miaka 150 ziliota tena. Aina nane hivi zilirudi zenyewe, bila mtu kuzipanda.

Kwa hiyo tope la zamani lina kumbukumbu, na mara nyingine lina uhai pia. Anayelitoa lote na kulimwaga jalalani anaweza kuwa anatupa kitalu ambacho kingeliponya bwawa bure. Upande wa pili wa jambo hilo ni onyo, kwani mbegu za magugu maji nazo hukaa hai katika tope kwa miaka mingi. Mradi wa kuyang'oa mara moja, kupiga picha na kufunga hesabu hauwezi kufaulu. Yatarudi. Bajeti ya kweli ina fedha za kurudi mwaka wa pili na wa tatu.

Mipaka ya ushahidi huu

Tusiwadanganye wasomaji. Mmea kutoonekana katika tope si uthibitisho kwamba haukuwepo. Ipo mimea inayozaa mbegu chache na kuenea kwa vikonyo tu. Pia bwawa lililokauka kiangazi na kukanyagwa na ng'ombe lina kurasa zilizochanika, kwa kuwa hewa imeingia na tabaka zimechanganyika. Na mengi ya mabwawa ya pembezoni mwa jiji letu ni mashimo ya kuchimba kifusi na mchanga. Historia yake inaanza siku shimo lilipochimbwa, hairudi nyuma zaidi ya hapo. Lakini hata miaka thelathini ya historia ni bora kuliko ubishi.

Jaribio letu dogo

Kabla ya kujibu ombi jipya la usharika mmoja tulikwenda na mwalimu wa sayansi na kipande cha bomba la plastiki. Karibu na ukingo tulilisukuma ndani ya tope, tukaziba juu kwa kiganja na kulivuta. Tope lilipotolewa juu ya turubai kila mtu aliona. Juu palikuwa na tope jeusi lenye harufu, na ndani yake vipande vya mifuko ya rambo, ile iliyopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Chini ya mifuko palikuwa na tope la kijivu, laini, lisilo na plastiki. Tuliliosha kwa chujio la chai. Zilibaki mbegu ndogo nyeusi na za kahawia, nyingine zikifanana na za ndago zilizokuwa zikiota pembeni, na nyingine ambazo hakuna kati yetu aliyezitambua.

Huu haukuwa utafiti. Hatukupima umri wala kuhesabu. Lakini kikao kilichofuata kilikuwa tofauti. Mbele ya watu kulikuwa na tabaka mbili, moja ya kabla ya plastiki na nyingine ya baada yake, na swali likabadilika. Badala ya kuulizana, "Tutang'oaje majani?" wanakamati walianza kuulizana, "Nini kilianza kuingia humu wakati tope lilipogeuka jeusi?" Walipopanda juu ya mkondo walikuta mfereji unaoleta maji ya vyoo kutoka nyumba mpya. Ombi liliandikwa upya. Sehemu kubwa ya fedha sasa inakwenda kwenye mfereji huo, na kung'oa majani kumebaki sehemu ndogo.

Tunaziomba kamati

Kwa kila ombi la bwawa, kuanzia sasa, tunaomba mambo yafuatayo:

1. Wahojini wazee, wavuvi na akina mama wa bustani kuhusu mimea waliyoiona na wakati gani, na majibu yao myaandike.

2. Tafuteni kwanza uchafu unatoka wapi: vyoo, mifugo, taka, mbolea. Majani mengi ni dalili ya ugonjwa tu.

3. Msifyeke yote kwa mara moja. Mimea hushika tope na kunyonya virutubisho. Ikiondoka yote kwa siku moja, mwani ndio unaorithi. Anzeni na sehemu ya kuchotea maji. Magugu maji yanayoelea ndiyo pekee ya kuondolewa mapema, kabla hayajatoa maua, na yakaushwe mbali na ukingo.

4. Sehemu moja ya tope iachwe bila kuguswa. Linalochimbwa lirundikwe kando, lisitupwe.

5. Asiingie mtu peku majini. Konokono wa kichocho hupenda mahali penye majani. Vaeni buti na glavu, na watoto wakae mbali.

6. Washirikisheni serikali ya mtaa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kabla ya kuchimba. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa maji.

Kwa marafiki wanaochangia, tunalo ombi moja. Mtakapoona katika bajeti zetu mstari mpya unaosema "uchunguzi kabla ya kazi", msiuone kama gharama ya ofisi. Ni mstari mdogo, na hauna picha nzuri ya kupeleka kwenu. Lakini tulipoukosa, tulitumia fedha zenu kuyageuza maji maangavu kuwa ya kijani, na hatukujua hata tulichokipoteza. Usharika wenye mabwawa ya namna hii na ambao ungependa kulifanya jaribio la bomba, utuandikie. Bomba tunalo, na chujio la chai kila nyumba inalo.